Maswali ya Wasomaji: Kushuka Kwenye Magofu ya Korongo la Mto New

Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazohusu Korongo la Mto New, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambako magofu ya migodi ya makaa ya mawe yamelala msituni pande zote mbili za mto. Barua nyingi zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Ohio, Kentucky na Virginia, ambao wanaweza kufika huko kwa gari na kurudi siku hiyohiyo, na moja imetoka Katanga, nchini Kongo, kwa msomaji ambaye hana mpango wa kusafiri lakini swali lake ndilo lililotufanya tuandike kwa kirefu zaidi.

SWALI: Kikundi chetu cha kanisa hapa Columbus kimepanga kutumia Jumamosi moja ya Julai kwa matembezi ya miguu, na vijana wetu wanataka kuona magofu ya migodi ndani ya korongo hilo. Tuna watoto wa miaka saba na minane, na tuna bibi wawili ambao hawataki kabisa kuachwa garini. Je, tunaweza kwenda na kurudi siku moja, na twende upande upi? — Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio

JIBU: Mama, inawezekana, ila mtalazimika kuondoka nyumbani alfajiri, kwa sababu safari ya gari kutoka Columbus hadi ukingo wa korongo huchukua takriban saa tatu na nusu hadi nne kwa upande mmoja, na mtahitaji kuwa mmekwisha kuanza kutembea kabla jua halijawa kali. Kiingilio hakuna. Eneo hili lilianza kulindwa na serikali ya Marekani kama mto wa taifa mwaka 1978, na mwezi Desemba 2020 likapandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa kamili, lakini hadi sasa mgeni halipi chochote kuingia.

Simameni kwanza kwenye kituo cha wageni cha Canyon Rim, kilicho ukingoni karibu na daraja kubwa la barabara ya 19. Hapo walinzi wa hifadhi watawapa ramani ya karatasi, ambayo ni ya lazima kwa kuwa mtandao wa simu hupotea mara tu mnapoanza kushuka. Daraja lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1977, lina tao la chuma lenye upana wa mita 518 na limeinuka mita 267 juu ya maji. Kabla halijajengwa, msafiri alishuka kwa barabara ya kona kali hadi chini na kupanda tena upande wa pili, safari ya kama dakika 40, ambayo sasa hukamilika kwa muda usiofika dakika moja. Ni kazi ya uhandisi inayostahili kutazamwa, lakini wageni wengi hupiga picha ya daraja, wakaridhika na kuondoka, na kwa maoni yetu hao wamelitazama korongo bila kuliona.

Kwa kikundi chenye watoto wadogo na wazee, tunapendekeza Nuttallburg bila kusita. Sababu yetu ni kwamba magofu yake makubwa yako karibu na mwisho wa barabara, na njia ya miguu inayopita kando ya reli kuelekea kwenye jengo la kupakilia makaa ina urefu wa takriban kilomita moja tu na ni tambarare, kiasi kwamba bibi anayetembea vizuri nyumbani kwake ataimudu akiwa na fimbo na akipewa muda wa kupumzika. Jambo la kuangalia ni barabara. Kutoka kijiji cha Winona barabara ya kushuka kando ya kijito cha Keeneys ni nyembamba mno, na sehemu nyingine inaruhusu gari moja tu, hivyo magari yanayokutana hulazimika kupeana nafasi, mmoja akirudi nyuma. Ikiwa mlikuwa mmepanga kutumia basi la kanisa, liacheni nyumbani na mgawane katika magari madogo, na usukani mpewe madereva watulivu.

Mkifika, inueni macho mlimani. Mtaona mtambo mrefu wa chuma uliofunikwa kwa mabati, ukishuka kutoka kwenye kinywa cha mgodi hadi kwenye jengo lililosimama juu ya reli. Urefu wake ni mita 422. Makaa ya eneo hili ni laini na huvunjika kwa urahisi, na yakivunjika thamani yake hushuka, kwa hiyo yalihitaji kuteremshwa polepole. Ndani ya mtambo huo kulikuwa na kebo iliyofungwa visahani vya chuma, na kila kisahani kilizuia rundo la makaa lisiporomoke kwa kasi hadi lifike kwenye jengo la kuchambulia na kupakilia mabehewa. Mtambo huu ulijengwa kati ya mwaka 1923 na 1924, wakati migodi ya Nuttallburg ilipokuwa imekodishwa na Henry Ford, ambaye alitaka kumiliki kila hatua ya utengenezaji wa magari yake, kuanzia makaa ya kuyeyushia chuma. Aliyamiliki makaa, akakuta hawezi kuimiliki reli iliyoyasafirisha, na mwaka 1928 akaachana na mradi huo. Watoto wa umri mliotaja huelewa jambo hili vizuri wakielezwa wakiwa wamesimama chini ya mtambo wenyewe.

Karibu na hapo mtakuta misingi ya nyumba na safu ya tanuri za mawe zilizojipanga kando ya njia, ambamo makaa yalichomwa bila hewa ya kutosha ili gesi na uchafu utoke, kisha yakapelekwa kwenye viwanda vya chuma. Watoto watatamani kuingia ndani ya tanuri. Wakatazeni, kwa sababu mawe ya juu yamelegea. Na reli iliyo pembeni isiwadanganye kwa ukimya wake, kwani treni za mizigo bado zinapita. Msitembee juu yake wala msiivuke, hata kwa ajili ya picha.

SWALI: Mimi na wenzangu watatu tuna afya nzuri na tumezoea mazoezi. Tumesikia kwamba mahali paitwapo Kaymoor kuna ngazi zaidi ya mia nane. Tunataka kujua kama ni zoezi la nusu siku, na kama joto la Julai linaweza kutuzuia. — Kijana wa Louisville, Kentucky

JIBU: Kijana wetu, ngazi hizo ni 821, ni za mbao, na ziko upande wa pili wa mto ukilinganisha na Nuttallburg. Hata hivyo, ngazi si mwanzo wa njia. Kutoka maegesho ya juu kwanza mtashuka kwa njia ya mawe, yenye mwinuko mkali na utelezi baada ya mvua, hadi mahali ubavuni mwa mlima ambako kinywa cha mgodi kilikuwepo. Hapo ndipo ngazi za mbao zinapoanza na kuwapeleka hadi kwenye mabaki ya mitambo ya kuchambulia makaa karibu na mto. Kwa vijana wenye miguu mizuri, nusu siku inatosha kwa kwenda, kutazama kwa utulivu na kurudi.

Tatizo la korongo ni kwamba kazi ngumu inakuja mwishoni. Anayepanda mlima huchoka akipanda na kushuka akiwa na nafuu, lakini anayeshuka korongoni hufika chini akiwa na furaha na nguvu, akadhani ameimaliza safari, kumbe nusu yake ngumu inamsubiri saa za mchana wakati joto linaweza kufika nyuzi 30 za Selsiasi na hewa imejaa unyevu. Unyevu ndio adui halisi, kwa sababu jasho halikauki mwilini na mwili haupoi hata chini ya kivuli cha miti. Kwa hiyo pangeni safari kwa kuanzia mwisho: amueni saa ya kuanza kupanda, tuseme saa tano asubuhi, kisha hesabuni kurudi nyuma mpate saa ya kuanza kushuka. Kila mmoja abebe maji yake, lita mbili hadi tatu, pamoja na kitu chenye chumvi, na nusu ya maji hayo iwe bado ipo chupani mnapokanyaga ngazi ya kwanza ya kupanda. Maji ya vijito vya huko msiyanywe, kwani baadhi yake hutoka kwenye migodi ya zamani.

Jambo jingine ni radi. Katika majira ya joto mawingu hujikusanya juu ya milima hii mchana, na dhoruba hushuka ghafla kukiwa hakuna dalili yoyote iliyoonekana asubuhi, kwa kuwa aliye chini ya korongo anaona kipande kidogo tu cha anga. Ngazi za mbao zikilowa huteleza sana. Hii ni sababu nyingine ya kutaka muwe mmekwisha kurudi juu kabla ya saa nane mchana.

Kama mmoja wenu ana goti lenye matatizo, ipo njia ambayo watu wachache huifikiria: kuna mahali pa kuanzia karibu na kijito cha Wolf, kwenye barabara ya Fayette Station, ambapo njia ya Kaymoor hufuata ubavu wa mlima bila kupanda wala kushuka sana, na baada ya kama kilomita tatu na robo inafika kwenye kinywa cha mgodi kilekile. Atakosa ngazi na mitambo ya chini, lakini hatakosa mahali palipo muhimu zaidi. Mgodi wa Kaymoor ulifunguliwa mwaka 1899 na kampuni ya chuma ya Low Moor kutoka Virginia, ukafungwa mwaka 1962. Kwenye kinywa chake bado kuna bango la usalama linalomkumbusha mchimbaji kwamba familia yake inataka afanye kazi kwa usalama. Someni bango hilo mkikumbuka kwamba mwaka 1900, katika mgodi wa Red Ash ndani ya korongo hilihili, mlipuko uliua wachimbaji 46.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Likasi. Marehemu baba yangu alikuwa mchimbaji wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba shaba, na nililelewa katika kambi ya kampuni. Mwanangu anayeishi Marekani amenitumia picha za magofu ya Nuttallburg, na nilipoona safu za misingi ya nyumba nilihisi naifahamu sehemu hiyo. Ningependa kujua watu walioishi humo walikuwa nani, na kama watu weusi walikuwa miongoni mwao. — Mwalimu mstaafu, Likasi, Katanga

JIBU: Mzee wetu, tunakushukuru kwa barua yako, na tunakujibu kwamba jicho lako halikukudanganya. Miji hii yote ilikuwa mali ya kampuni. Mtu mmoja kutoka Uingereza aliyeitwa John Nuttall alianza kununua ardhi hapo mwaka 1870, akijua kwamba reli ya Chesapeake and Ohio ilikuwa njiani, na reli ilipokamilika mwaka 1873 alikuwa tayari kusafirisha makaa. Kabla ya hapo korongo lilikuwa karibu tupu kwa jinsi lilivyokuwa gumu kuingilika. Baada ya reli, mji mmoja ulifuata mwingine kando ya mto, kila mmoja na mgodi wake, nyumba zake na duka lake. Nyumba zilikuwa za kampuni, na mchimbaji aliyefukuzwa kazi alipoteza kazi na paa kwa siku moja. Malipo kabla ya mwisho wa mwezi mara nyingi yalitolewa kwa sarafu za kampuni zenyewe, ambazo zilipokelewa katika duka la kampuni, na bei za duka hilo zilipangwa na mwajiri.

Wewe uliyelelewa kambini utaona mfanano huo upesi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, nayo kuanzia miaka ya 1920 iliamua kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba, posho ya chakula, hospitali na shule, na kwa njia hiyo ikashika karibu kila upande wa maisha yao. Katika korongo la Mto New haikuwa serikali ya kikoloni iliyoshika fimbo, na hiyo ni tofauti kubwa ambayo hatutaki kuipunguza. Lakini wazo kwamba anayemiliki mgodi amiliki pia kitanda, unga na kibatari cha mchimbaji lilikuwa ni lilelile.

Kuhusu watu weusi: ndiyo, walikuwepo tangu mwanzo, na walikuwa wengi. Vibarua weusi, ambao wengi wao walikuwa wametoka utumwani miaka michache tu iliyotangulia, ndio waliochonga sehemu kubwa ya njia ya reli milimani, na reli ilipokwisha wengi wakaingia migodini, wakifuatwa na ndugu zao kutoka Virginia na majimbo ya kusini. Walichovutiwa nacho kilikuwa cha kweli. Mchimbaji alilipwa kwa tani aliyoipakia, na tani ya mtu mweusi ililipwa sawa na ya mtu mweupe. Mtu mweusi wa West Virginia aliendelea pia kupiga kura katika miaka ambayo majimbo ya kusini yalikuwa yakiwanyang'anya wenzake haki hiyo. Lakini jioni, alipotoka shimoni, ubaguzi ulimpokea mlangoni. Katiba ya jimbo ya mwaka 1872 ilikataza watoto weusi na weupe kusoma pamoja. Huko Nuttallburg kijito cha Short kiliugawa mji, familia nyeusi upande mmoja na nyeupe upande mwingine, kila upande na shule yake na kanisa lake. Mwanao akirudi huko, amwombe mlinzi wa hifadhi amwonyeshe misingi ya majengo hayo, kwa sababu imefunikwa na majani na mtu asiyejua huipita bila kugeuza shingo.

Kuna mtu mmoja ambaye kwa ajili yake tunatamani kila msomaji wetu aliyeko Marekani afike Nuttallburg. Jina lake ni Carter G. Woodson. Alizaliwa Virginia mwaka 1875, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, na katika miaka ya mwanzo ya 1890, akiwa kijana, alikuja kuchimba makaa katika korongo hili. Miongoni mwa wachimbaji wenzake alikuwepo Oliver Jones, mzee aliyepitia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye hakujua kusoma wala kuandika lakini nyumba yake aliifanya mahali pa wachimbaji weusi kukutana baada ya kazi, na alikusanya vitabu na magazeti ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuyafungua kwa faida. Alipogundua kwamba kijana Woodson anajua kusoma, alimpa kazi ya kuwasomea wote kwa sauti. Usiku baada ya usiku kijana yule aliwasomea habari za siasa na uchumi, na wazee wakazijadili, wakazipima kwa yale waliyoyaona wenyewe katika utumwa, katika vita na katika mgodi.

Woodson alianza masomo ya sekondari huko Huntington akiwa na miaka 20, akamaliza mwaka 1897, na baadaye akarudi kufundisha watoto wa wachimbaji weusi huko Winona, kijiji kilekile ambacho mgeni wa leo hukipita kabla ya kushuka Nuttallburg. Mwaka 1912 alipata shahada ya uzamivu ya historia katika Chuo Kikuu cha Harvard, mtu mweusi wa pili kuipata hapo baada ya W. E. B. Du Bois. Mwaka 1915 alishiriki kuanzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, na mwaka 1926 akaanzisha juma la kuadhimisha historia hiyo, ambalo tangu mwaka 1976 linaadhimishwa Marekani kwa mwezi mzima wa Februari. Watoto wa wasomaji wetu huuadhimisha mwezi huo shuleni kila mwaka. Wengi wao hawajaambiwa kwamba mwanzilishi wake aliyasikia mambo hayo kwanza kwa watu wasiojua kusoma, katika nyumba ya mchimbaji ndani ya korongo ambalo wazazi wao wanaweza kulifikia kwa gari Jumamosi moja. Wewe Mzee, uliyefundisha darasani kwa miaka mingi, huenda ukawa na mengi zaidi ya kumwambia mjukuu wako kuhusu hilo kuliko sisi.

Mgodi wa Nuttallburg ulifungwa mwaka 1958. Familia ya Nuttall iliikabidhi ardhi hiyo kwa idara ya hifadhi za taifa mwaka 1998, na kazi ya kufyeka msitu na kuimarisha majengo yaliyobaki ilikamilika mwaka 2011.

SWALI: Je, inaruhusiwa kuingia ndani ya migodi kidogo tu, na kuchukua kipande cha chuma au jiwe la makaa kama kumbukumbu? — Msomaji wa Lexington, Kentucky

JIBU: Yote mawili hayaruhusiwi. Vinywa vya migodi vimezibwa kwa nondo, na nondo hizo zina nafasi za kuwawezesha popo kuingia na kutoka. Hewa ya ndani inaweza kukosa oksijeni bila kuwa na harufu yoyote ya kumwonya mtu. Kuhusu kumbukumbu, sheria ya Marekani inalinda kila kitu cha kale kilicho ndani ya hifadhi, hata msumari uliooza, na sisi tungeliheshimu katazo hilo hata kama sheria isingekuwepo, kwa maana watu walioishi humo hawakuacha maandishi mengi, na vitu hivyo vikiondolewa mahali vilipo havitamweleza tena mtafiti lolote.

SWALI: Mto unaonekana mtulivu sana kwenye picha. Vijana wetu waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika ni waogeleaji hodari. Wanaweza kuingia majini baada ya matembezi? — Baba wa familia, Roanoke, Virginia

JIBU: Ndugu yetu, tunakuomba uwazuie. Uhodari wa ziwani haumsaidii mtu katika mto wa namna hii. Mto New unatokea North Carolina, unapita Virginia na kuelekea kaskazini hadi West Virginia, na katika sehemu ya chini ya korongo unapita katikati ya mawe makubwa yaliyoporomoka kutoka milimani. Mengi ya mawe hayo yamechimbwa na maji kwa chini, kwa hiyo mkondo unaoonekana kusuasua juu unaingia chini ya jiwe kwa nguvu na kumvuta mtu humo, na nguvu za mikono hazitoshi kumtoa. Kina cha maji kinabadilika pia kutegemea mvua iliyonyesha mbali kusini na maji yanayofunguliwa katika bwawa la Bluestone, lililoko juu ya korongo. Watu hufa katika mto huu, na miongoni mwao wamo waogeleaji wazuri.

Wakitaka kulowa, wajiunge na moja ya kampuni zenye leseni za kupeleka wageni majini kwa maboya makubwa ya mpira, zilizoko karibu na mji wa Fayetteville, ambako watapewa jaketi la kuokolea, kofia ngumu na kiongozi anayeujua mto. Sehemu ya juu ya korongo ina mawimbi ya wastani na inafaa familia. Sehemu ya chini, inayopita Nuttallburg na Kaymoor, ina maporomoko makali, na kwa hiyo kampuni huweka masharti ya umri.

SWALI: Mke wangu anaogopa nyoka na anakataa kwenda. Nimwambie nini? — Msomaji wa Harrisonburg, Virginia

JIBU: Mwambie ukweli, kwamba nyoka wenye sumu wapo wa aina mbili, yule wa rangi ya shaba na yule mwenye njuga mkiani, na kwamba wote wawili hupenda kulala kwenye mawe yenye joto, yakiwemo mawe ya magofu. Hawamfuati mtu. Anayeumwa mara nyingi ni yule aliyeweka mkono au mguu mahali asipopaona, kwa hiyo sheria ni moja tu: usikalie ukuta wala kupanda msingi wa nyumba kabla ya kuutazama vizuri, na usitoke kwenye njia.

Kwa kweli angeogopa zaidi kupe, kwa maana katika majira ya joto wamejaa kwenye nyasi ndefu, ni wadogo mno, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu, ingizeni ncha zake ndani ya soksi, na jioni kila mmoja akaguliwe mwili mzima, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele za watoto. Upo pia mmea unaotambaa juu ya kuta za magofu, wenye vijani vitatu kwenye kila jani, ambao ukiugusa huwasha kama upupu, isipokuwa muwasho wake huanza baada ya siku moja au mbili na hudumu wiki nzima au zaidi. Usishike ukuta wenye majani.

SWALI: Sina gari. Nimeona kwamba treni kutoka hapa inapita ndani ya korongo hilo. Je, ninaweza kuitumia kwa matembezi ya siku moja? — Dada wa Charlottesville, Virginia

JIBU: Dada, treni ipo, inaitwa Cardinal, na inapita mara tatu kwa wiki kati ya New York na Chicago, ikisimama Prince na Thurmond ndani ya korongo. Lakini kwa matembezi ya siku moja haifai, kwa sababu inayotoka upande wako hufika huko jioni, na ya kurudi hupita siku nyingine. Ukiweza kupata siku mbili au tatu, na mwenzako mwenye gari akakupokea, safari yenyewe ina thamani, kwa kuwa katika majira ya joto bado kuna mwanga treni inapoingia korongoni, jua likichelewa kutua hadi karibu saa tatu kasorobo usiku.

Shuka Thurmond ikiwa umepata pa kulala. Ulikuwa mji wenye shughuli nyingi za makaa na reli, na katika sensa ya mwaka 2020 ulibaki na wakazi watano. Majengo ya benki na maduka bado yamesimama mkabala na reli, na kituo cha treni kimetengenezwa na idara ya hifadhi, ambayo hukitumia kama kituo cha wageni katika majira ya joto. Kumbuka kununua tiketi mapema inayotaja Thurmond kwa jina na kumwarifu kondakta, kwani treni haisimami hapo isipokuwa kuna abiria wa kushuka au wa kupanda.